Fundo Jekundu Chini ya Soli

Chumba cha ushonaji,
Kiwandani.
Tarehe 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepata nafuu. Macho je, bado unasoma bila miwani, au na wewe umesalimu amri? Sisi huku hatujambo, ila mama anasumbuliwa na kifua na mimi nasumbuliwa na hasira. Kifua kina dawa.

Hasira yenyewe ni ya mtoto wa marehemu Baba Mdogo, mkurugenzi wetu wa sasa. Hapa kiwandani tunamwita Kisigino, maana ukimsemesha yeye keshageuka, unabaki kutazama visigino vyake. Juzi alifanya sherehe ya miaka arobaini ya kampuni. Pale mapokezi kaandikisha ukutani, kwa herufi kubwa kama za duka la majeneza: "Mtu mmoja, ndoto moja." Chini yake, picha ya baba yake.

Mtu mmoja! Marehemu baba yangu aliyekata soli kwenye matairi mabovu mpaka vidole vikapinda alikuwa nani, paka? Na wewe uliyeshona kila raba kwa cherehani ya bibi, katika chumba hicho hicho ulichokuwa unalala? Baba Mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa anabeba mfuko na kwenda kuuza. Kuuza alijua, simnyimi haki yake. Lakini hata uzi kwenye sindano alikuwa anatungiwa.

Sasa sikia kioja. Yule kocha mzee wa riadha, mteja wenu wa kwanza, bado anazo zile raba ulizomshonea. Kisigino aliazima moja kwake, akaiweka kwenye kabati la kioo, akawahutubia wageni macho makavu kabisa: "Kiatu hiki baba alikishona kwa mikono yake mwenyewe." Watu wakapiga makofi. Nilitamani ardhi inimeze kwa aibu ambayo wala haikuwa yangu.

Kocha akaomba akishike. Akainua soli ya ndani taratibu, akamwonyesha: "Na huu uzi mwekundu, ni wa nini?"

Wewe unajua ni wa nini. Kila kiatu ulichokikagua mwenyewe ulikifungia fundo jekundu pale ndani, lisipoonekana. Umeolewa mbali, umetuacha, na mpaka leo sisi wa chumba cha ushonaji tunafunga fundo lile lile, tunafundishana. Kisigino hajui, atajulia wapi? Tangu azaliwe hajakaa kwenye kigoda chetu hata dakika moja.

Akalitazama, akakunja uso. "Huu ni uzembe," akasema. "Aliyeshona hivi hana kazi kwangu."

Kocha akamuuliza: "Si umesema ni baba yako?"

Shangazi, tulicheka! Wanawake kumi na wanane tumesimama ukutani na sare zetu, tunashikana mabega tusianguke. Kisigino akabaki anarekebisha tai ambayo haikuwa na kosa lolote. Kocha hakumwachia hapo, akamwambia mbele ya wageni wote: "Mwandikieni dada yake marehemu, mumuulize nani alishona."

Kesho yake likabandikwa tangazo: marufuku uzi mwekundu, atakayekamatwa atamwaga unga. Halafu akaniita ofisini, akaniita dada, jina ambalo hajalitumia tangu tukiwa wadogo. Akanipa karatasi nikutumie. Imepigwa chapa vizuri, inasema kampuni ilianzishwa na baba yake peke yake, na wewe ulikuwa "ukisaidia nyumbani." Anataka usaini, iingie kwenye kitabu cha historia kabla hakijachapwa. Ukisaini, Shangazi, ndiyo basi. Wewe na baba yangu hamkuwahi kuwapo.

Karatasi yenyewe ni hiyo humu ndani. Usiisaini. Igeuze, nyuma ni nyeupe yote. Andika hapo ilivyokuwa, kwa mkono wako, uitume kwa kocha. Ameniahidi ataipeleka mwenyewe kwa mchapaji, na aibu ya siku ile haijapoa, Kisigino hatathubutu kumzuia. Mimi kufukuzwa nimeshakubali.

Mama anakusalimu sana, anasema cherehani ya bibi anayo yeye, haiendi kwenye kabati la mtu. Wenzangu wa chumba cha ushonaji wanakusalimu ingawa hawajakuona. Nisalimie mumeo fundi saa na wanao wote. Mungu akuzidishie siha na miaka, na huo mkono usitetemeke siku utakayoshika kalamu.

Tangu tangazo libandikwe, kila raba inatoka hapa na mafundo mekundu mawili. Hata hizo anazovaa Kisigino nimezishona mimi. Anakukanyaga siku nzima, hajui.

Wako akupendaye,
yule uliyemfundisha kutunga uzi.