Mtu Asikanyage Lile Baraza

Mafinga, Jumanne

Mwanangu Boay,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia kwa sababu barua hii ina haraka. Anakuja nayo dereva wa lori la mbao anayeshusha mzigo Babati, na hapo ataiweka kwenye basi la Mbulu. Habari za nyumbani? Ng'ombe mnawakamua mapema, au mnalala mpaka jua litoke? Mimi ni mzima. Dada yako Veronika ameanza kutembea baada ya kujifungua, na mapacha wake wananyonya utafikiri wanakimbizwa. Huku baridi ni kali, na maziwa wanaweka kwenye chai kijiko kimoja, kama dawa. Wamenipa na ulanzi, pombe yao ya mianzi. Nimeonja, nikawarudishia kikombe.

Sasa kaa chini unisikilize.

Jumapili ulinipigia simu ukicheka. Ukasema lile baraza lako la mbao limeanza kunesa, ukipita linakurusha kama kitanda cha chuma, na uyoga umeota pembeni karibu na ukuta. Ukasema utalipaka rangi ya mafuta ling'ae, maana Jumamosi hii wakwe wanakuja kutoka Masakta kumposa Anjela, binti yako, na watakaa hapo juu wote, wazee wao na wetu pamoja na kwaya. Nikakuambia ngoja kwanza. Ukanijibu, "Mama, hizo ni hofu za uzee," salio likaisha. Tangu hapo simu yako haipatikani. Barua haina salio. Utanisikia mpaka mwisho.

Nilimuuliza mume wa Veronika. Unajua anafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, na si mtu wa maneno mengi. Alinipeleka nyuma ya kiwanda, kwenye sakafu kuukuu iliyobomolewa nyumbani kwa watu. Akasema, "Mama, chagua boriti iliyo nzima." Nikachagua moja nene, ambayo hata wewe ungeipiga kofi na kuisifu. Akachukua bisibisi, akaisukuma kwa mkono mmoja. Ikazama mpaka kwenye mpini, kama unachoma kiazi kilichochemka. Alipoichomoa, maji yakafuata.

"Nje mbao, ndani uji," akasema. "Na siku ya kuanguka haitoi taarifa."

Boay, kutoka kwenye baraza lako mpaka kwenye mawe kule chini ni kimo cha watu wawili. Tangu pale nikiketi kula nawaona wazee wa watu wakishuka na viti vyao.

Akaanza kuniuliza. Je, upepo unapita chini? Nikamwambia haupiti, mwanangu amezungushia ukuta wa udongo akafungia ndama humo. Huo ni ujinga wako. Nilikuambia wakati ule kwamba ndama watapata mafua, hukusikia. Kumbe mafua ni jambo dogo. Mkojo na pumzi zao vinapanda kwenye boriti kila siku, na upepo wa kuzikausha wewe umeuzibia njia.

Akauliza, mbao za juu zimeachiana nafasi? Nikasema zilikuwa na nafasi ya kupita msumari.

"Zilikuwa?"

Nikasema sasa zimeziba.

"Zimezibwa na nini, mama?"

Nikamjibu kichwa kikiwa juu kabisa. Nikamwambia kwetu sakafu inakandikwa kwa mavi ya ng'ombe na udongo kila Jumamosi, na anayesimamia ni mimi, ndiyo maana kwangu hakuna vumbi wala funza.

Mkwe hawezi kumcheka mama mkwe wake. Aliinama, akaomba ruhusa atoke akakohoe. Alikohoa muda mrefu.

Nikabaki nimesimama na ile boriti. Maji ya mvua hayakuwa na pa kupita. Yalikaa juu ya boriti, ndani ya mavi yangu, wiki baada ya wiki, miaka mitatu. Ndama wako walilowesha kutoka chini, mimi nikafunika kutoka juu. Na mkeo Paulina alisema mapema. Alisema, "Mama, mbao si udongo, hii tuifagie tu." Nikamwita mvivu mbele ya akina mama wa kanisa, akaenda kulia jikoni. Alikuwa na haki. Nimeandika kwa mkono wangu. Msomee hapa mara mbili.

Sasa fanya hivi. Ndama watoke leo, na ukuta wao ubomoe. Chukua bisibisi, choma kila boriti, hasa pale kichwa chake kinapoingia ukutani. Itakayozama usibishane nayo. Usipigilie mbao mpya juu ya boriti mbovu, na hiyo rangi iache dukani, itafungia maji ndani. Masika yakiisha utajenga upya. Nguzo isimame juu ya jiwe, isiguse udongo. Boriti ivae karatasi ya lami mgongoni kabla ya kupigiliwa mbao. Kila utakapokata kwa msumeno paka dawa, maana hapo palipokatwa ndipo panapokunywa maji. Galoni la dawa linakuja na barua hii. Ni sumu, lisikae karibu na maziwa.

Najua kinachokuuma. Umewatangazia watu wa Masakta baraza ambalo kijiji kizima hakina, na sasa utawakalisha uani chini ya turubai kama watu wa msiba. Utasema acha wakae juu kidogo tu, mpaka chai iishe. Usithubutu. Aibu hiyo nipe mimi. Wakifika tu, simama useme: mama yangu ndiye aliyeliozesha baraza hili, kwa ubishi wake. Usisingizie mvua, usisingizie mchwa. Wakicheka, wacheke wakiwa chini.

Nisalimie baba yako mdogo, na mwambie asipande kupima uzito wake. Msalimie Anjela, mchumba wa watu. Wasalimie akina mama wa kanisa, waambie niliyoyasema juu ya mke wako nimeyafuta. Yeye Paulina namsalimia peke yake.

Ukimaliza kusoma, kabla hujala, ng'oa ngazi. Ukiiacha, yupo atakayepanda.

Ni mimi mama yako,
Mama Boay