Mama Alivyotaka Kuyaona Makanisa

Candon, Jumanne

Mpendwa kaka Delfin,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Joto la huko Kuwait limepungua? Na mgongo wako je, bado unakusumbua? Huku mvua zimekatika, watu wanapanda tumbaku. Tintin wangu ameng'oka meno ya mbele, lakini mdomo wake haujapumzika hata kidogo.

Habari kubwa ni kwamba Jumamosi na Jumapili tulisafiri. Mama ndiye aliyetaka. Alisema ana hamu ya kuyazungukia makanisa aliyokuwa akitupeleka marehemu baba kila Kwaresima. Nikamwambia Kwaresima bado. Akanijibu kwamba Mungu hatufungii mlango kwa sababu ya kalenda. Basi mume wangu Rogelio akaazima gari la kaka yake, tukaondoka alfajiri. Ungemsikia mama njiani! "Rogelio, mwanangu, unaendesha gari au unasindikiza maiti?" Rogelio alipokanyaga mafuta, mama akaanza kusali rozari kwa sauti.

Santa Maria tulipanda zile ngazi za kanisa polepole, mama kanishika bega. Bantay nikamwonyesha Tintin mnara ambako ulivuta kamba ya kengele ukiwa mdogo, mlinzi akakukimbiza hadi barabarani, na baba badala ya kukuchapa akacheka mpaka akakaa chini. Mama naye alicheka. Vigan tulikula empanada, zile sambusa kubwa za mayai, na siki aliyoimimina mama ikapita pembeni ya sahani, ikaishia kwenye suruali ya Rogelio. Akasema Rogelio ndiye aliyesogeza sahani. Tukacheka sana.

Paoay mama alikaa nje muda mrefu akipapasa ukuta wa kanisa, yale mawe ya matumbawe yanayokwaruza kiganja. Nilidhani anamkumbuka baba, nikamwacha.

Jumapili baada ya misa tukaenda hadi Bangui ya huku kwetu, ufukweni, chini ya vile vinu vya upepo. Rogelio na Tintin wakakimbilia maji. Mama akaniambia nivue kofia, nigeukie jua. Akaushika uso wangu kwa mikono miwili, akanitazama mpaka nikaona haya.

"Kovu la baiskeli lipo bado," akasema. "Nilikuwa nimesahau liko shavu gani."

Nikamwuliza, "Mama, una nini?"

"Nina macho mabovu, Zenaida. Usilie, upepo utakutia mchanga."

Kaka, ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha kabisa. La kulia anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuziba. Daktari amempa dawa ya matone ya kuchelewesha tu, kilichopotea hakirudi. Amekuwa akienda kliniki peke yake, sisi akitudanganya kwamba anakwenda sokoni. Nilikasirika, nikamwuliza kwa nini alituficha. Akasema angetuambia mapema, tungemkalisha kitini kama sanamu ya mtakatifu, na yeye alitaka kwanza kutembea.

Kisha akaniapisha nisikuambie. Alisema wewe ukisikia utaacha kazi siku hiyo hiyo, maana unafanana na baba kwa kukurupuka. Nikaapa, Delfin, na miguu yangu ikiwa ndani ya maji. Njia nzima ya kurudi alikuwa akimwuliza Tintin, hiki ni nini, kile ni nini, na mtoto akimweleza kwa furaha, akidhani ni mchezo.

Leo nimevunja kiapo. Padre nitamweleza mwenyewe, na mama akinisema, nitavumilia. Sikuambii uache kazi. Omba likizo, hata ya wiki moja, uje Krismasi hii, usingoje ijayo. Makanisa ameshayaona. Umebaki wewe.

Rogelio anakusalimu, na Tintin anaulizia chokoleti. Mama yuko barazani anachambua maharage kwa vidole. Amesikia nakuandikia, anasema nikuambie kwamba yeye ni mzima wa afya, hana neno lolote.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Zenaida