Kupoza Kompyuta ya Sebuleni kwa Mama

Jumapili, na joto la leo halina adabu. Mawingu yamejaa upande wa Msumbiji tangu asubuhi, hakuna hata tone. Nimefunga duka mapema kwa sababu mikono haitulii, na fundi simu asiyetulia mikono ataharibu vitu vya watu.

Niandike tu, labda nitapoa.

Tangu mama aanguke bafuni mwezi wa Ramadhani, nyumbani kwake Mikindani kuna kompyuta ndogo ya bodi moja, ukubwa wa kiganja, niliyoiweka juu ya meza ya televisheni. Waya wake unapanda hadi kwenye kamera niliyoibandika juu ya kabati la vyombo, nyuma ya meza hiyo. Nikiwa dukani hapa Chikongola, namwona mama sebuleni kwake kwenye kioo cha kompyuta niliyoiweka kaunta. Alikubali. Au niseme ukweli: nilimweleza haraka haraka, akanyamaza, nami nikauchukua ule ukimya kuwa ndiyo.

Shida ilikuwa moja. Kila siku baada ya adhuhuri picha inakatika. Nikikagua, naona mashine imechemka kupita kiasi ikajizima. Nikalaumu bati, nikalaumu Novemba, nikalaumu kasha la plastiki. Kila ikikatika namwona mama tena pale chini kwenye sakafu yenye maji, na situlii mpaka jioni akiamka usingizi wa mchana, nikimpigia achomoe waya na kuuchomeka upya.

Wiki mbili nimeshindwa kuchagua kasha la chuma. Moja ni bonge la alumini lenye mapezi ya kutolea joto. Halina feni, halina tundu la kuingiza vumbi wala hewa ya chumvi, halitoi sauti. Jingine lina feni mbili ndogo zinazovuma muda wote mashine ikiwa imewashwa. La feni linapoza zaidi, ila kwa chumvi ya Mikindani sidhani kama feni zitamaliza mwaka. Mwisho nikaagiza yote mawili kutoka Dar, maana mimi hata chakula cha mchana huwa sijui kuchagua.

Jana nikaenda nayo, moyoni nimeshachagua lile la kimya. Nikakuta kompyuta imefunikwa kitambaa cha kufuma, pacha wa kile cha televisheni. Meza iko chini ya kamera, haionekani kwenye picha, ndiyo maana sikuwahi kukiona. Nikacheka. Kumbe mchawi wangu ni mama, nikajiambia. Kwake kitu kikikaa sebuleni bila kitambaa ni aibu ya nyumba. Nikafunga kasha la alumini, kisha nikarudisha kitambaa mwenyewe, kwa mbwembwe. Tukala muhogo, saa nzima ikapita, mashine ina vuguvugu tu.

"Umeona, mama? Sasa hata ukiifunika haizimi."

Hakufurahi. Alikunja miguu pale mkekani, akatazama mlango.

"Mwanangu, mchana joto. Mimi navua gauni, nabaki na kanga moja, nalala hapa. Ndiyo maana nakifunika hicho kidude, kisinione. Na kikizimika ndiyo natulia kabisa. Sasa nitajisitiri wapi?"



Mama alidhani jicho ni lile kasha. Kitambaa chake hakikuziba kitu ila hewa. Kila mchana, tangu anapofunika mpaka mashine inapochemka, alikuwa anaonekana kama kawaida. Niliwahi kumwona hivyo mara kadhaa, nikaangalia pembeni, nikaendelea na kazi. Ni mama yangu, nilijiambia, kuna ubaya gani.

Nikamwonyesha kamera juu ya kabati. Aliitazama, akavuta ushungi mpaka shingoni. Nilitamani anigombeze. Hakunigombeza.

Nikafungua lile bonge, nikaweka kasha la feni. Nilipowasha likaanza kuvuma, akatega sikio.

"Acha hili," akasema. "Nikilisikia nitajua upo."

Nikamwonyesha swichi ya ukutani, nikamwambia azime wakati wowote, asiniulize. Feni zikiliwa na chumvi nitaweka nyingine.

Leo saa saba na nusu alizima. Nilikaa mbele ya kioo cheusi nikiwa nimeshika simu, kila dakika nikimwona kaanguka, na sikupiga. Picha iliporudi alikuwa anapepeta mchele. Hofu haijaniisha, na sidhani kama itaisha. Itabidi niibebe mwenyewe.

Lakini hilo silo linalonitetemesha mikono.

Jana wakati naondoka, mama alinisindikiza mpaka kizingitini, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Na watu wa dukani, hawajaniona?"

Nikasema hapana.

Kioo cha kaunta kilikuwa kinatazama wateja. Wiki iliyopita mwanamume mmoja aliyekuja kubadilisha betri aliinama akachungulia, akasema mama wa watu kajilalia raha mustarehe na kanga yake.

Nilicheka naye.

Kioo nimekigeuza leo, kazi ya dakika moja. Kesho asubuhi duka halifunguliwi. Naenda Mikindani kumwambia mama kwamba ndiyo, alionekana, na kwamba mwanawe alikuwepo akacheka.