Springi Haijahasiwa

Hamisi, ndugu yangu,

Sikuulizi hali, maana najua nilikokuacha. Ni hapo makaburini Temeke, na udongo niliutupa kwa mkono huu huu unaoshika chaki. Arobaini yako imepita juzi. Kule gereji ulikokuwa fundi, spana zako kapewa mtu mwingine, na darasani benchi lako la mbele halikaliwi.

Unaikumbuka Jumanne ile ya somo la springi? Mie mwalimu wenu wa elimu ya watu wazima, nimejaa kiburi cha cheti, nikaandika ubaoni: kazi inayofanywa na springi juu ya mzigo ni hasi siku zote. Basi, karirini! Ukanyoosha mkono wako wenye grisi. "Mwalimu, mzigo ukiibana springi, sawa, hasi. Lakini springi haijahasiwa. Ikiachiwa inausukuma mzigo kule kule unakokwenda. Hapo si chanya?"

Darasa likaangua kicheko kwa neno hilo la kuhasiwa, nami nikadhani unanikejeli. "Kaa chini, fundi. Kitabu hakibishani na spana." Lo, mdomo huu! Ulikaa, ukafunga daftari polepole. Jumanne iliyofuata ukaomba ubaki kazini saa ya masomo.

Siku hiyo saa tisa, saa ya somo, wenzako wamekaa mbele yangu pale nyuma ya gereji, tukasikia kishindo. Kibano kilikuwa kimeachia, springi ya lori ikakupiga kifuani. Nilikuja mbio na chaki mkononi. Ulikuwa umeshakata roho.

Watu wananipa pole, wanasema ajali haina kinga. Sawa. Lakini mie najua saa ile ulitakiwa uwe umekaa wapi.

Jana mkeo kanionyesha daftari lako. Umeandika: "Ikibanwa, hasi. Ikirudi, chanya. Nimuulize tena Mwalimu akiwa peke yake, nisimwaibishe." Hamisi, nililia mbele ya mkeo bila haya. Mie nilikuaibisha mbele za watu, wewe unawaza kunisitiri!

Kesho ni Jumanne. Naahidi nitasimama mbele ya wenzako, niandike chanya ubaoni, niwaambie wewe ulikuwa sahihi na mie ndiye niliyekufukuza darasani kwa ulimi wangu. Wakinichukia, haki yao.

Lala, ndugu yangu. Swali lako nimelisikia. Ndiyo, fundi, hapo ni chanya. Nimechelewa kukujibu.

Mwalimu wako