Liste Iliyosimama

Bunia, siku ya ine

Eti liste iko inatembea nyuma! Hasira haijaniisha.

Asubuhi nilianza kutuma Mahagi, kwa satelite, liste ya batoto tuliowapata hapa, waliopotezana na wazazi wao kwa vita. Inachukua masaa. Shefu akataka mashini ile ile, kompyuta yetu moja tu, aandike rapore yake. Akafinya Ctrl na Z, majina yakaacha kupita kwenye ekrani, akafurahi: "Unaona, Mama Neema? Nimeipeleka nyuma. Iko inatembea yenyewe."

"Shefu, umeisimamisha tu. Andika amri ya bg, ndipo itaendelea kule nyuma weye ukiandika rapore."

"Weye utanifundisha miye?" Watu wote wa biro wakacheka.

Akakaa pale mpaka saa tisa. Aliponiachia kiti niliandika jobs, kuiuliza mashini kazi zake, ikanijibu kwamba liste imesimama. Tangu asubuhi! Nikaandika bg, ikaanza kutembea. Haikufika hata nusu, mafuta ya jenereta ikaisha. Mafuta ya juma nzima, tumeichoma kwa rapore.

Saa kumi Mahagi wakaita kwenye redio ya betri. Ndiyo saa yao ya kusoma majina parokiani. "Wamama wamejaa kwenye mabenchi, wengine wametembea siku mbili. Tuwaambie nini?"

Shefu akashika mikro. "Waambieni batoto wao bado hawajaonekana."

Hawajaonekana! Niliwaandika mwenyewe, mmoja mmoja, na majina ya mama zao.

Na miye nilisimama pale nyuma yake, kama liste.