Ngozi Imekataa Chuma

Kansanga, Kampala

Mama mpendwa,

Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko? Baba bado anakohoa? Mimi ni mzima isipokuwa mguu, na ndio umenifanya niandike badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungenisikia nikilia.

Unajua tangu mashine ya kiwanda kule Bugolobi inikate mguu juu ya goti, madaktari walinitia chuma ndani ya mfupa wa paja, ncha yake ikatokeza nje ili mguu wa bandia ufungwe hapo. Mfupa ulikishika vizuri. Shida ni ngozi. Pale chuma kinapotokea haijawahi kufunga sawasawa. Panatoka maji, panatoka usaha, homa inanilaza, napata nafuu, inaanza upya. Mara ya mwisho waliipunguza hiyo ngozi unene, wakaishona karibu na mfupa ili itulie, ishikamane. Nikakaa kitandani nikiilinda kama kifaranga. Niliamini, Mama. Nilianza hata kujisifu kwa majirani.

Juzi sista wa wodi alifungua bendeji, akaibonyeza ngozi, kisha akanitazama usoni. Nikamwambia, "Sema tu."

"Bambi, ssebo," akanihurumia kwa Kiganda, "pole sana, bwana. Hii ngozi imekataa kabisa kushika. Wadudu wamefika kwa mfupa. Daktari amesema chuma tunatoa."

Nikamuuliza kama watarudisha kingine. Akaendelea kukunja ile bendeji chafu, ambayo ni ya kutupa.

Kwa hiyo Desemba sitakuja nikitembea. Waambie kanisani wasiandae shukrani. Nakumbuka ulivyotamba nilipokuja Pasaka kwa miguu miwili, ukachukua magongo yangu mbele ya watu wote ukampa Mzee Wekesa, jirani yetu aliyevunjika nyonga, ukisema mwanao hayahitaji tena. Nilifurahi kuliko wewe. Sasa usiende kumnyang'anya, tafadhali. Ningeona haya.

Magongo hapa yapo, ya chuma, lakini chuma nimechoka nacho. Mwambie Baba anichongee mengine ya mpera. Apime kwapani mwa ndugu yangu Barasa, urefu wetu ni mmoja.

Nisalimie shangazi muuza ndizi, na shemeji yangu, mke wa Barasa, pamoja na mtoto wao ambaye sijamwona. Barasa mwenyewe namjua kwa utani. Mwambie akipimwa na Baba asimame wima, asijikunje, maana hayo magongo nitayatumia maisha yangu yote.

Ni mimi mwanao,
Simiyu