Betri Namba Tatu

Jumamosi, 3 Oktoba 2009

Wamenicheka Mandawa. Mkutano mzima. Naandika miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi.

Hotuba ilikuwa tayari, kurasa nne, kuhusu mizani ya chama chetu cha msingi – mizani inayopunguza korosho za kila mkulima, na mwenyekiti Felisian anajua kwa nini. Uchaguzi saa nne. Nikatoka Ruangwa asubuhi kwa baiskeli yangu ya umeme, imejaa chaji ya shuleni, au ndivyo taa yake ilivyosema. Nusu ya njia ikazima. Nikasukuma. Ina betri tatu za asidi chini ya kiti, nzito kama mawe ya kusagia, na mchanga wa njia ile haujali kama wewe ni mwalimu mstaafu.

Nafika, kura zimeshahesabiwa. Felisian tena! Na nani ameshika kipaza sauti? Kipriani, fundi redio wa Nachingwea, aliyeniwekea betri hizo hizo mwezi Agosti. Mtani wangu pia – babu yake na babu yangu walitaniana, nasi tukarithi. Akatangaza: "Mpisheni Mwalimu Domitila. Leo baiskeli imempanda yeye."

Hata akina mama niliokwenda kuwapigania walicheka.

Jumapili, 4 Oktoba

Sikwenda misani. Sala ya kuwasamehe waliotukosea ingenikwama kooni.

Nimefikiri mchana kutwa. Kipriani ndiye anayemkodisha Felisian vipaza sauti kila mkutano. Baiskeli ilikaa kwake siku mbili. Nani alitaka nisifike Mandawa? Jibu linajiandika lenyewe. Sina ushahidi bado, nitaupata. Mimi ni yule niliyemhamisha mkaguzi wa elimu kwa barua tatu gazetini. Fundi redio atanishinda?

Redio imesema mvua zitachelewa. Redio yangu ya gari siku hizi inakula kwa baiskeli: vibanio viwili kwenye betri ya nyuma, waya mwekundu kupitia dirishani, na sauti safi kuanzia habari za alfajiri hadi za saa mbili usiku. Betri za tochi nimeziaga. Ubunifu wangu mwenyewe. Wasomi wa mjini wasubiri serikali iwaletee nguzo.

Jumatatu, 5 Oktoba

Gabrieli amekuja na mita ya kupimia volti. Anafundisha fizikia pale shuleni. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, na hadi leo nikiingia mahali anasimama. Nilichomoa vibanio vya redio apate nafasi. Akaniambia betri zilizofungwa mfululizo ni kama watu watatu waliobeba gogo: akilegea mmoja, wote wanatua. Chaja haimtazami mmoja mmoja, inatazama jumla. Kwa hiyo lazima upime kila moja peke yake.

Akazitia namba kwa chaki, kuanzia mbele. Moja: kumi na mbili nukta saba. Mbili: kumi na mbili nukta saba. Tatu, ya nyuma: kumi na moja nukta tatu.

Nilipiga makofi! Gabrieli hakuwahi kuona mtu anafurahia betri mbovu.

Amezibeba zote shuleni. Kila moja itachajiwa peke yake mpaka zilingane.

Jumatano, 7 Oktoba

Zilirudi jana asubuhi zikiwa sawasawa, kumi na mbili nukta nane zote. Nimeapa siigusi baiskeli. Leo jioni nimezima redio, nikachomoa vibanio, Gabrieli amepima. Moja na mbili hazijatikisika. Namba tatu: kumi na mbili kamili. Imeshuka ikiwa imesimama barazani! Betri nzima haipungui hivyo usingizini.

Gabrieli, mtu wa taratibu zake, alitaka tuzihamishe. Namba tatu iende mbele, namba moja ije nyuma, tusubiri siku mbili, tuone ugonjwa unaifuata betri au unabaki mahali. Akauliza pia kama kuna kitu kingine kinachokula umeme pale. Nikamwambia baiskeli haijasogea hata inchi. Kusubiri nini? Mimi nilisubiriwa Mandawa?

Nimeandika mpaka karatasi imetoboka.

Alhamisi, 8 Oktoba

Basi la kwanza hadi Nachingwea. Tangazo nakala mbili. Moja ubao wa sokoni, moja mlangoni pa karakana yake, mwenyewe akiwa ndani analehemu. KIPRIANI ANAUZA BETRI MFU. AMENUNULIWA NA WEZI WA MIZANI. Chini yake vipimo vyote, na jina langu kamili. Sijawahi kujificha.

Akatoka, akasoma taratibu, midomo ikicheza. Akadhani ni utani. Akaniuliza faini ya safari hii ni kuku mmoja au wawili.

"Mtani hutania," nikamwambia. "Mwizi huiba."

Hakucheka tena. Nimerudi kwenye basi kama bibi harusi.

Ijumaa, 9 Oktoba

Imekolea! Gabrieli ana shemeji Nachingwea, habari zote zimemfikia. Wateja watatu wamechukua redio zao. Kwaya ya parokia imetafuta vipaza sauti kwingine. Mke wa Kipriani alipita sokoni watu wakanyamaza. Hilo la mkewe sikulipanga. Lakini moto ukishawaka haubagui nyasi.

Mchana Kipriani alipiga simu. Atakuja Jumapili baada ya misa, na mashahidi. Aje!

Ili nimfunge mdomo kabisa, nimefanya ile hila ya Gabrieli. Zote zimechajiwa upya shuleni. Namba tatu nimeiweka mbele, namba moja nyuma, vibanio vya redio nikavirudisha mahali pake. Jumapili mita itasema yenyewe mbele ya watu.

Jumamosi, 10 Oktoba

Redio kutwa. Hotuba ya kesho nimeifupisha, kurasa mbili. Ya mwisho namalizia na Felisian.

Jumapili, 11 Oktoba

Nilitaka kuonja ushindi kabla yao. Saa nne nikapima mwenyewe, kwa mita aliyoniachia Gabrieli.

Namba tatu, sasa iko mbele: kumi na mbili nukta nane. Mbili, vilevile. Namba moja, ile nzima – kumi na moja nukta tisa.

Nikafuta ncha za mita kwa kanga. Nikapima tena. Na tena.

Ugonjwa haukuhama na betri. Umebaki nyuma. Na nyuma kuna nini? Vibanio viwili na waya mwekundu.

Mimi. Tangu Agosti. Alfajiri hadi saa mbili usiku.

Felisian ni mwizi, hilo naliapia hata leo. Lakini Kipriani –

Kuchomoa waya ni kazi ya dakika moja. Nani angejua? Mkono haukwenda. Haukwenda kuuchomoa, wala haukwenda kwenye simu.

Sasa wako uani. Kipriani, mkewe, wanakwaya wawili, na Gabrieli kawaongoza. Kipriani hakuleta mita. Ameleta betri mpya begani na kuku amefungwa miguu. Hakutania. Alisema:

"Dada, sijui nimekukosea wapi. Betri hii hapa, na faini hii hapa. Ila uniandikie tangazo jingine, kwamba nimelipa."

Mkewe alikuwa anatazama chini.

Kwa hiyo nimeshinda. Nikipokea tu, nimeshinda.

Nimewaambia nafuata miwani. Miwani iko kichwani. Naandika nimesimama nyuma ya mlango. Kurasa zangu mbili ziko mezani, sioni hata neno moja humo la kwenda nalo nje.

Redio inasoma habari za saa saba. Namsikia Kipriani anamuuliza Gabrieli redio ya Mwalimu inakula wapi, maana nguzo haijafika huku.

Nyayo zinakuja upande wa dirisha, ulipo waya.